Mshipa Uliopita Pasipo Njia

Gondar, Yekatit 24, 1985

Mama mpendwa, na wewe Deresse unayemsomea,

Nakubusu magoti, mama. Mimi mzima, namshukuru Mungu. Nafunga vizuri, usiulize tena, sijaonja hata siagi tangu saumu ya Hudade ianze.

Wiki hii kazi imenichosha akili. Wanafunzi wangu wa udaktari wamefika kwenye mishipa inayoulisha moyo wenyewe, na somo hilo kila mwaka mimi huwafundisha kwa moyo wa kondoo. Sasa moyo wa kondoo nitautoa wapi, na mabucha ya Wakristo yamefungwa siku hamsini na tano? Nilimwendea Hajji Nuru, muuza nyama wa Waislamu. Akaniambia Ramadhani nayo imeingia, na kila kipande kimeshawekewa jina la mtu wa kufuturu. Nikarudi mikono mitupu. Mkuu wangu akasema, "Wosene, si ufungue wa mtu tu?"

Basi tunaye kijana mmoja kwenye tangi la dawa ya maiti, mpagazi wa stendi ya mabasi. Hakuna ndugu aliyekuja kumdai, na karatasi yake ina neno moja: alianguka. Nikautoa moyo wake. Deresse, hapa msomee mama polepole.

Mama, moyo hauli damu iliyomo ndani yake. Damu inapita humo vyumbani tele, lakini nyama ya moyo hupata riziki yake kwa mishipa miwili myembamba inayochipuka mwanzoni kabisa mwa mshipa mkuu, mmoja kulia na mmoja kushoto. Wa kushoto haufiki hata urefu wa kidole, mara umegawanyika: tawi moja linashuka mbele ya moyo, jingine linazunguka ubavuni kwenda nyuma. Wa kulia unazunguka upande wake, na kwa watu wengi ndio unaoshuka kule nyuma. Mimi hupenyeza rangi nyekundu kwa sindano, tundu moja baada ya jingine, wanafunzi waone kila tawi linakokwenda.

Kwa huyu nilitafuta tundu la kushoto mpaka macho yakauma. Halipo! Mishipa yote miwili ilichipuka upande wa kulia, na ule wa kushoto, ili ufike kwao, ulikuwa umejipenyeza katikati ya mshipa mkuu na ule mwingine mkubwa uendao mapafuni. Pale si njia ya kitu chochote. Ulikuwa umebanwa kama mtu aliyeingia kati ya ng'ombe wawili zizini. Miaka sita nafungua mioyo, sijawahi kuona mshipa wa namna hii. Nilipiga kelele ya furaha peke yangu mle ndani, Mungu anisamehe.

Nisalimieni majirani wote.

Binti yako,
Wosene

*

Bekoji, Megabit 6, 1985

Dada Wosene,

Barua imefika. Mama amepiga ishara ya msalaba mara saba, nimehesabu, kisha akauliza kama huyo kijana amezikwa. Mwandikie chochote, atulie. Halafu akauliza kama wewe utaolewa lini, na kama mwanamume gani atakula injera iliyoshikwa na mikono hiyo. Mimi nilicheka, na nikapigwa na mwiko.

Sasa habari yangu. Keti kwanza. Gashe Mekuria, kocha wetu, amenichagua! Ginbot 15 tunakwenda Addis kwenye mbio za nyika, na watano wa kwanza wanachukuliwa na klabu. Chakula cha klabu, viatu vya klabu, kitanda cha klabu! Ameniambia, "Deresse, una miaka kumi na tisa. Ukikosa mwaka huu urudi kwenye shayiri ya marehemu baba yako." Nami shayiri nimeichoka, dada, wewe unajua. Wewe ulitoroka kwa vitabu, mimi kitabu kiligoma. Nina miguu tu.

Kioja cha wiki: Jumatano nilianguka. Tulikuwa tunapandisha mlima kwa kasi, kifua kikabana, mara giza, nikaamka nimelala kwenye matope huku Gashe Mekuria ananizaba makofi. Wenzangu walicheka mpaka wakakaa chini. Lakini mtu hali, hanywi hata tone la maji mpaka saa tisa, halafu anapandisha mlima asubuhi, ataacha kuanguka? Padri mwenyewe ameniruhusu nile mapema kwa sababu ya mazoezi. Mama hataki hata kusikia.

Ndugu yako mwenye mbio,
Deresse

*

Gondar, Megabit 17, 1985

Deresse,

Hii usimsomee mama kwanza. Isome peke yako, mara mbili.

Nijibu bila mzaha. Kifua kilibana kabla ya giza, au giza lilitangulia? Ulianguka katikati ya mlima miguu ikiwa bado inakwenda, au ulikuwa umeshafika juu na kusimama? Ulipoamka ulikuwa na jasho la baridi? Umewahi kubanwa hivyo mwaka jana, nje ya saumu?

Nakuuliza kwa sababu mtu aliyelemewa na saumu huona nyota anaposimama, akayumba, akakaa. Hadondoki katikati ya hatua. Nyie wote mmesema saumu, na mama amesema saumu, na mimi mwenyewe niliposoma mara ya kwanza nilisema saumu. Nilipokuwa nakunja barua ndipo nikaikunjua tena, nikasoma upya: kifua kikabana, mara giza.

Nisikilize. Moyo hujilisha unapolegea, kati ya pigo na pigo. Ukikimbia, mapigo yanasongamana na nafasi ya kula inakuwa finyu. Wakati huohuo ile mishipa mikubwa miwili inajaa damu na kutanuka. Kama kuna mshipa uliopita katikati yao, unabanwa saa ileile unapohitajika. Ukitembea, ukilima, ukicheza ngoma ya harusi, hujui kama unao. Nimekwenda stendi kuuliza habari za yule mpagazi. Alianguka akilikimbilia basi lililoondoka huku mzigo wa mteja wake uko kichwani kwake. Wanamjua wote, wanasema alikuwa na nguvu kama fahali.

Sisemi unao. Ni wachache mno walio nao. Siwezi kukuona ndani ya kifua kutoka Gondar, na hilo linanitia wazimu. Acha kukimbia mpaka uonwe. Nenda Addis kwa Daktari Lakew, nilisoma naye, ana mashine ya kuutazama moyo bila kupasua mtu. Nimeomba ruhusa nije nikuchukue, safari ya siku tatu, nimenyimwa. Mitihani iko mlangoni na mwalimu wa chumba cha maiti ni mimi peke yangu.

Nijibu upesi.

Wosene

*

Bekoji, Megabit 29, 1985

Binti yangu Wosene,

Mimi mama yako Ayelech nasema, na Deresse anaandika.

Tumepata barua yako na tumeielewa vizuri. Deresse ni mzima kabisa. Ile siku ilikuwa saumu tu. Nimemruhusu ale asubuhi na tangu hapo hajaanguka tena, anakimbia vizuri na kocha anamsifu. Si vizuri kuwatisha watu kwa mambo ya maiti. Kila mtu na moyo wake. Mashindano ni jambo kubwa kwa familia yetu na tunapaswa kumuunga mkono.

Mitihani ya wanafunzi wako inaendeleaje? Natumaini inaendelea vizuri.

Mama yako,
Ayelech

*

Gondar, Miyazia 12, 1985

Deresse, mwongo wee!

Mama tangu anizae hajaniita Wosene. Mimi ni Wosu, au "wewe mkavu" akikasirika. Hajawahi kuniuliza habari za mitihani hata siku moja, huniuliza ndoa. Na eti amemruhusu mtu kula asubuhi ndani ya Hudade! Mama huyuhuyu aliyemngojesha baba mpaka saa tisa ndipo akampa uji wa shayiri, na baba yuko kitandani anakata roho!

Ningecheka kama ningekuwa na raha ya kucheka. Umeikalia barua yangu. Mama hajui lolote, sivyo? Wewe ndiye macho yake na mkono wake, na umevitumia kunifungia mlango.

Saumu imekwisha, Fasika imepita. Juzi umekula kuku na mayai na kondoo kama watu wote. Ukianguka tena sasa, utasingizia nini?

Sikuombi ukose klabu. Nakuomba siku moja, kwenye meza ya Lakew, shati limevuliwa. Akisema u mzima, kimbia mpaka Misri, nami nitakupigia vigelegele.

Dada yako

*

Gondar, Miyazia 13, 1985

Kwa Shemasi Haddis, kanisani, Bekoji

Shemasi,

Salamu za Fasika. Mimi ni Wosene, binti wa Bi Ayelech wa karibu na kinu. Ulinifundisha kusoma, ndiyo maana nathubutu kukusumbua.

Ndani ya bahasha hii kuna barua ya mama. Tafadhali nenda nyumbani kwake asubuhi, Deresse akiwa mazoezini, umsomee yote, na kile asichokielewa umrudie. Kisha umwandikie jibu lake kama atakavyolisema. Usimwachie barua, ataiweka chini ya mto na Deresse ataiona.

Ni habari ya uhai wa mtu. Niombee.

Wosene

*

Bekoji, Ginbot 1, 1985

Wosu, wewe mkavu,

Shemasi amekaa hapa. Amekunywa kahawa vikombe vitatu kabla hajaifungua bahasha yako. Nimemwambia andika kama ninavyosema, usinitengenezee maneno yangu.

Kumbe unapiga kelele tangu Megabit, na mimi nasomewa kwamba umenunua shela mpya! Nikafurahi, nikawatangazia wanawake wote kisimani, binti yangu kanunua shela. Umenunua shela au hata hiyo ni uongo?

Ameanguka mara nne. Mbili ndani ya saumu, mbili baada ya Fasika, akiwa ameshiba. Niliuliza, Wosu anasemaje? Akanisomea kwamba umesema vijana warefu huwa hivyo, watakua wataacha. Nikaamini kwa sababu nilidhani ni wewe. Moyo uliniambia vingine, nikaunyamazisha. Nilimpeleka kwenye maji ya baraka siku saba, na nitampeleka tena, hapo usinijibu kitu. Nimemwendea Mekuria pia. Amenicheka, akaniambia nimshibishe mtoto.

Mishipa yako siijui. Shemasi amenisomea mara tatu na kunichorea kwa mkaa sakafuni, bado siijui. Lakini nimeelewa hili: mwanangu anaweza kufa akikimbia. Nilimzika baba yenu. Nilimzika yule wa katikati yenu kabla hajabatizwa. Huyu simziki kwa ajili ya viatu vya klabu.

Nikimkataza leo atatoroka leo, namjua, ni mimi niliyemzaa. Nitanyamaza. Wao wanaondoka na basi la Alhamisi. Mimi nitapanda la Ijumaa. Shemasi ananiambia Addis ni kubwa, nitapotea. Si ina watu? Nitauliza.

Ayelech, na huu ni msalaba niliouweka mwenyewe +

*

Addis Ababa, Ginbot 18, 1985

Wosene,

Leo sikuiti dada. Nakuandikia ujue ulichofanya, kisha basi.

Uwanja wa Jan Meda, asubuhi ya Jumapili, wakimbiaji mia mbili. Mizunguko sita. Kwenye mzunguko wa tatu nilikuwa wa nne. Umesikia? Wa nne! Waliobaki nyuma yangu ni watu wenye viatu vya misumari, watu wenye klabu tayari. Wa tano mpaka wa mia mbili walikuwa wanaangalia mgongo wangu.

Halafu mama. Mama yako Ayelech, shela nyeupe, viatu mkononi, amepita chini ya kamba, askari wawili wanamkimbiza hawamfikii. Akanikamata kiuno mbele ya Addis nzima. "Mwanangu! Mwachieni mwanangu, moyo wake umeharibika!" Watu wakaangua kicheko. Askari wakacheka. Wakimbiaji wanapita wanaturukia, mmoja akasema, "Dogo, nenda ukanyonye." Gashe Mekuria alivua kofia akaitupa chini, akaondoka, hajasema nami neno mpaka leo. Wenzangu watatu wamepata klabu. Mmoja wao ni Tesema, ambaye hajawahi kunishinda hata siku moja.

Tuko kwa shangazi. Mama analala vizuri, anakoroma. Mimi naangalia dari.

Ulikuwa na maiti yako, ulikuwa na mshipa wako wa ajabu, ukafurahi, ukataka mwingine. Umeupata. Usiniandikie.

Deresse

*

Gondar, Ginbot 28, 1985

Deresse,

Nimeandika.

Ninunie. Ninunie miaka ishirini, miaka arobaini, nikija nyumbani utoke kwa mlango wa nyuma. Hiyo miaka ndiyo ninayoitaka.

Ulilosema juu ya furaha yangu limenichoma kwa sababu ni kweli. Nilifurahi juu ya moyo wa mtoto wa watu. Sijalala vizuri tangu siku hiyo. Na kuna jambo jingine, baya zaidi, silisemi kwa mtu hapa. Huenda nimekosea. Huenda moyo wako uko sawasawa, kila mshipa mahali pake, na mimi nimekuvunjia njia yako kwa hofu ya mwalimu aliyekaa sana na maiti. Nakwenda darasani, naonyesha tundu la kulia, naonyesha tundu la kushoto, mwanafunzi ananiuliza kitu na sijui ameuliza nini. Naamka, nakaa, naamka. Mkuu wangu ameniuliza kama nina homa.

Uko Addis. Lakew yuko mwendo wa nusu saa kutoka kwa shangazi. Nenda, hata kama ni kwa chuki, hata kama ni kwa kunionyesha kwamba mimi mjinga. Ukikutwa mzima nitapanda basi siku tatu, nitamwangukia Gashe Mekuria miguuni mbele ya vijana wake wote, nimwambie kosa ni langu, akuchukue tena mwakani. Naapa kwa jina la baba.

Wosene

*

Addis Ababa, Sene 14, 1985

Dada,

Nilikwenda. Kwa chuki, kama ulivyosema. Nilitaka karatasi yenye muhuri nikutumie Gondar.

Daktari Lakew alinipaka mafuta ya baridi kifuani akaanza kutazama, huku ananipigia hadithi jinsi ulivyozimia siku ya kwanza mbele ya maiti. Hukuwahi kutuambia hilo. Baadaye akaacha hadithi. Akakizungusha kile chombo, akarudia, akamwita mwenzake, wakazungumza kwa sauti ya chini. Nikajua. Alinichorea. Tundu la kushoto haliko linapotakiwa kuwa. Mshipa unatoka kulia na kupita katikati, kama wa mpagazi wako. Ameweka jina langu kwenye orodha ya wanaopelekwa nje kupasuliwa, amesema inaweza kuwa mwaka, inaweza kuwa miwili. Kutembea ruksa. Kukimbia hapana, hata kuwahi basi hapana.

Kwa hiyo hukukosea. Lala sasa.

Kuna jambo hujaniuliza, na hakuna atakayeniuliza, kwa sababu wote wanadhani wanalijua. Mama amekuwa kichekesho. Habari imetutangulia Bekoji, wanamwita mkamata wakimbiaji, watoto wanashikana viuno barabarani na kupiga kelele zake. Hapa nako shangazi amemwambia mara tatu kwamba amemvunjia mwanawe maisha. Jana alilisema tena, mimi nipo. Mama akaendelea kuchambua dengu zake. Hata baada ya karatasi ya daktari shangazi anasema, angemwacha amalize tu, si alikuwa wa nne? Nami nikanyamaza. Mwezi mzima nimenyamaza.

Dada, mama hakunisimamisha. Nilikuwa nimeshasimama.

Wa nne nilikuwa kweli, mpaka kwenye ile kona ya mikaratusi, upande wa mbali ambako watazamaji ni wachache. Hapo kifua kilianza kubana. Mara zote nne zilizopita niliulazimisha mwili upite. Safari hii nikaiona barua yako, ile niliyoificha, maneno yake yote, nimeisoma mpaka naijua kwa kichwa. Miguu ikagoma. Niliinama, mikono magotini, nikawa nalia huku watu wananipita, wa tano, wa sita, wa kumi. Ndipo nikamwona mama anapita chini ya kamba. Nilipomwona nikainuka, nikakimbia kama hatua kumi kumwendea, ili nionekane nakimbia. Ili ionekane ni yeye aliyenishika.

Naye anajua. Aliniona nimesimama, alikuwa ananitazama mimi tu. Aliponishika kiuno, kabla hajapiga kelele zile, aliniambia sikioni, "Usiogope, nitasema ni mimi." Kisha akapiga kelele.

Mezani wanakunywa kahawa sasa hivi, shangazi na majirani zake, na mama. Nakwenda kuwaambia. Nimekuandikia wewe kwanza nisije nikabadili nia mlangoni.

Mdogo wako,
Deresse